Grażyna Bacewicz: Fidla na Kalamu katika Maisha ya Mtungaji wa Polandi

Majina ya watoto wa nyumba moja yaweza kubeba habari nyingi kuliko hati za ukoo. Katika mji wa Łódź, uliokuwa wakati huo chini ya utawala wa Tsari wa Urusi, mwalimu wa muziki Wincenty Bacewicz, Mlituania kwa asili, na mkewe Maria Modlińska, Mpolandi, walipata watoto wanne. Wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1904, aliitwa Kiejstut; wa pili, wa mwaka 1905, Vytautas; wa tatu, aliyezaliwa tarehe 5 Februari 1909, Grażyna; na wa mwisho, wa mwaka 1914, Wanda. Majina mawili ya kwanza ni ya watawala wa Lituania ya kale, baba na mwanawe. La mwisho ni la binti wa mfalme katika hadithi za Wapolandi. Jina la Grażyna limekaa katikati ya pande hizo mbili. Aliyelitia katika matumizi ni mshairi Adam Mickiewicz kwa utenzi wake wa mwaka 1823. Mshairi huyo alitunga kwa Kipolandi, lakini mzizi wa jina aliuchukua katika neno la Kilituania lenye maana ya uzuri.

Jina la ukoo nalo lilikuwa na miisho miwili. Kwa Kipolandi liliandikwa Bacewicz, na kwa Kilituania Bacevičius. Maadamu wote walikuwa raia wa dola moja ya Urusi, tofauti hiyo ilikuwa jambo la tahajia tu. Baada ya mwaka 1918, Polandi na Lituania zilipopata kuwa dola mbili zinazogombea mji wa Vilnius, tahajia ikawa uraia. Baba alihamia Lituania, na Vytautas akamfuata mwaka 1926. Mama na watoto wengine walibaki Warsaw. Nchi hizo mbili hazikuwa na uhusiano wa kibalozi mpaka mwaka 1938. Hivyo ndugu wawili wa tumbo moja, wote watungaji wa muziki, wameandikwa katika historia za mataifa mawili, mmoja kwa mwisho wa -wicz na mwenzake kwa mwisho wa -vičius. Yafaa jambo hili likumbukwe na kila atakayesoma habari za Grażyna Bacewicz, kwani sehemu kubwa mno ya kazi zake ni muziki usio na maneno. Haielekei kwamba aliyakimbia maneno kwa sababu ya mgawanyiko wa nyumbani kwao. Lakini mtu aliyekua akiona jinsi herufi chache za mwisho wa jina zinavyoweza kumtenga mtu na ndugu yake hakukosa kujua thamani ya usemi usioulizwa pasipoti.

Fidla si chombo kigeni kwa msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa ni nguzo mojawapo ya taarabu. Hata hivyo kazi yake huko na kazi yake katika muziki unaoelezwa hapa hazifanani. Katika taarabu fidla humwandama mwimbaji. Humwitikia, humpamba, humpumzisha. Katika mapokeo ya Ulaya aliyorithi Bacewicz hakuna wa kuandamwa. Fidla yaweza kusimama peke yake mbele ya hadhira, au ikajibizana na okestra nzima katika utungo uitwao konseto, au ikaketi na wenzake watatu, yaani fidla ya pili, viola na chelo, katika kikundi kiitwacho kwarteti. Bacewicz aliandika konseto 7 za fidla na okestra, za kwanza mwaka 1937 na za mwisho mwaka 1965, na kwarteti 7 kati ya mwaka 1938 na 1965. Tungo hizi 14 ndizo uti wa mgongo wa kazi yake, na atakayezifuata kwa utaratibu wa miaka ataona maisha yake yote ndani yake.

Mafunzo ya kwanza ya fidla na piano aliyapata kwa baba yake, na akiwa na umri wa miaka 7 alikwisha piga mbele ya watu. Alianza kutunga alipokuwa na miaka 13. Mwaka 1928 aliingia katika chuo cha muziki cha Warsaw, akasoma fidla kwa Józef Jarzębski, piano kwa Józef Turczyński, na utungaji kwa Kazimierz Sikorski. Kwa muda fulani alisoma pia falsafa katika chuo kikuu, kisha akaiacha. Mwaka 1932 alihitimu na kupata shahada mbili, moja ya upigaji fidla na moja ya utungaji. Hapo ndipo lilipoanza swali lililomwandama kwa miaka zaidi ya ishirini, nalo ni kwamba mtu mmoja aweza kweli kuitumikia fidla na kalamu kwa pamoja?

Mtungaji mashuhuri Karol Szymanowski alikuwa akiwahimiza vijana wa Polandi waende Paris. Kwa msaada wa fedha uliotolewa na mpiga piano Ignacy Jan Paderewski, Bacewicz alikwenda huko mwaka 1932 kusoma utungaji kwa Nadia Boulanger. Mwalimu huyo aliwalea watungaji wa mataifa mengi, na sifa yake kubwa ilikuwa ukali wake juu ya ufundi. Hakuridhika na noti yoyote ambayo mwanafunzi hakuweza kueleza kwa nini imewekwa pale ilipo. Bacewicz alirudi Ufaransa tena mwaka 1934 kusoma fidla kwa Carl Flesch, mmoja wa walimu wakuu wa chombo hicho katika karne ile. Mwaka 1935 aliingia katika shindano la kwanza la kimataifa la fidla lililofanywa Warsaw kwa kumbukumbu ya Henryk Wieniawski. Mshindi alikuwa msichana Mfaransa Ginette Neveu, na wa pili David Oistrakh wa Urusi ya Kisovieti. Bacewicz hakupata zawadi, bali alipata heshima ya kutajwa wa kwanza miongoni mwa waliosifiwa. Si aibu kushindwa na wawili hao, ambao majina yao yamekuwa kipimo cha fidla kwa karne nzima.

Miaka miwili iliyofuata yafaa itazamwe kwa makini kuliko inavyotazamwa mara nyingi. Mwaka 1936 aliolewa na daktari Andrzej Biernacki, na tangu mwaka huo mpaka 1938 alikuwa mpiga fidla wa kwanza katika okestra ya Redio ya Polandi chini ya Grzegorz Fitelberg. Watungaji wengi hujifunza okestra kwa kusoma vitabu vya noti na kusikiliza wakiwa wameketi mbele. Yeye aliisikia akiwa ndani yake, kila siku, tarumbeta zikiwa nyuma ya kisogo chake na uta mkononi. Hapo alijifunza lipi husikika na lipi hufunikwa, na wapi mpigaji hupewa kazi ngumu isiyomfikia msikilizaji. Konseto yake ya kwanza ya fidla, aliyoimaliza mwaka 1937, aliipiga mwenyewe pamoja na okestra hiyo.

Wakati wa vita vya pili vya dunia aliishi Warsaw. Wajerumani walivifunga vyuo vya Wapolandi, na muziki wa Chopin ukapigwa marufuku hadharani. Wanamuziki wa mji ule walijibu kwa kupiga kwa siri katika nyumba za watu, wasikilizaji wakija mmoja mmoja ili mkusanyiko usijulikane. Bacewicz alikuwa miongoni mwao, na utungo wake wa fidla mbili wa mwaka 1943 ulisikika kwanza katika mkutano wa namna hiyo. Hali yenyewe ilichagua umbo la kazi: fidla mbili huingia katika sebule, okestra haiingii. Mwaka 1942 alizaa binti. Mwaka 1943 huo huo, pasipo okestra yoyote ya kumpigia, aliandika utungo wa okestra wa ufunguzi, wenye mwendo wa haraka na furaha kali, ambao wachambuzi wengine husikia katika ngoma zake pigo tatu fupi na moja refu, alama ya ushindi iliyotangazwa na redio za washirika. Baada ya uasi wa Warsaw wa mwaka 1944 jamaa yake ilitolewa mjini ikapelekwa kambi ya Pruszków, kisha ikafika Lublin. Utungo ule ulipigwa Kraków mwaka 1945, vita vilipokwisha.

Miaka minane iliyofuata ilikuwa ya kazi isiyo na kifani. Alifundisha Łódź, alisafiri na fidla yake, na aliandika kwa kasi iliyowashangaza wenzake. Mwenyewe alieleza kasi hiyo kwa mzaha, kwamba ndani yake mna mashine ndogo isiyoonekana inayomwezesha kufanya kwa dakika chache kazi ambayo wengine huitolea saa nzima. Utungo mkuu wa miaka hiyo ni konseto ya okestra ya nyuzi ya mwaka 1948. Haina mpigaji mmoja anayewatangulia wengine. Nyuzi zote hugawana mazungumzo, kama ilivyokuwa desturi ya Ulaya katika karne ya 18, lakini sauti zake ni za karne ya 20. Mpiga fidla yeyote aliyeitazama karatasi yake atatambua mara moja kwamba iliandikwa na mwenzake. Mahali panapoonekana pagumu, vidole vyapata njia. Uzi usioshikwa kidole huachwa uvume chini ya lahani. Uta hugeuzwa pale ambapo mkono wenyewe ungetaka kugeuka. Huu si ufundi mdogo. Kuna tungo nyingi za watu wakubwa ambazo fikra yake ni njema na mikono ya wapigaji huteseka bila faida. Konseto hii ilipata Zawadi ya Taifa mwaka 1950, na mwaka 1952 ilipigwa Washington na okestra iliyoongozwa na Howard Mitchell, kazi ya nchi ya kikomunisti katika mji mkuu wa Marekani wakati vita baridi vilipokuwa vikali.

Zawadi hiyo yataka kuelezwa, kwa sababu ilitolewa mwaka mmoja tu baada ya mkutano wa Łagów. Mwezi wa Agosti 1949 watungaji wa Polandi waliitwa katika mji huo mdogo, wakaambiwa na serikali kwamba muziki sharti ufahamike kwa watu wote, uwe na matumaini, na utumie nyimbo za wananchi. Kosa la kuepukwa liliitwa ufomalisti, yaani kulijali umbo kuliko maana. Mtu wa lugha atatambua nguvu ya neno la namna hiyo, maana halikuwa na mpaka. Utungo wowote ungeweza kushtakiwa kwalo, na hapakuwa na ushahidi ambao ungeweza kumwondolea mtu shtaka. Simfoni ya kwanza ya Witold Lutosławski iliondolewa katika kumbi. Andrzej Panufnik, aliyekuwa na cheo kikubwa, mwishowe aliikimbia nchi mwaka 1954 akaenda Uingereza.

Bacewicz hakukimbia wala hakushtakiwa. Wengine wameona katika hilo ishara ya utii, na dai hilo lataka jibu. Ni kweli kwamba katika miaka ile aliandika vipande vifupi vyenye ngoma za vijijini, kama vile Kaprisi ya Kipolandi ya fidla pekee ya mwaka 1949, na ngoma za oberek zilizofuata. Lakini oberek haikuwa amri mpya kwake. Ni ngoma ya wilaya ya Mazowsze, yenye mapigo matatu ya haraka, ambayo uzito wake haukai daima juu ya pigo la kwanza. Huhama, humteleza msikilizaji, humzungusha mchezaji. Kipolandi, kama Kiswahili, huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Neno la silabi tatu la Kipolandi lina uzito wake katikati, kama neno letu la 'kitabu', na likiimbwa kwa mapigo matatu, silabi moja kwa kila pigo, uzito waangukia pigo la pili. Si lazima kudai kwamba lugha ndiyo iliyoizaa ngoma. Yatosha kusema kwamba vitu viwili hivyo vyaishi pamoja kwa raha, na kwamba mtoto aliyelelewa kwa Kipolandi na fidla aliupata mwendo huo kabla ya serikali yoyote kuuagiza. Watawala waliposikia oberek walidhani wametiiwa. Mtungaji alikuwa akisema alivyozoea kusema.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Aliyetaka kuipendeza serikali wakati ule aliandika nyimbo za umati na kantata za kusifu viwanda. Bacewicz katika miaka hiyo hiyo alizidi kuandika kwarteti na sonata, maumbo yasiyo na maneno na yasiyofaa kupigwa katika maandamano. Kwarteti ya nne ya mwaka 1951 yaanza polepole, karibu kama maombolezo, na yaishia kwa mchezo wa oberek. Ilipata zawadi ya kwanza katika shindano la kimataifa la Liège, Ubelgiji, mwaka huo huo. Sonata ya pili ya piano ya mwaka 1953, aliyoipiga mwenyewe mara ya kwanza, ina sehemu ya mwisho yenye ngoma ya kijiji iliyosukumwa mpaka ikawa kama mashine inayokaribia kupasuka. Hayo ndiyo matumaini yaliyotakiwa, kama mtu apenda kuyaita hivyo. Sifa ya muziki usio na maneno ni kwamba msikilizaji mwenye amri hana pa kuushika. Hata hivyo isisemwe kwamba alikuwa shujaa wa siri. Alikuwa mtu aliyetaka kufanya kazi yake, akaona njia ambayo kazi hiyo yaweza kupita bila kupotoshwa, akaipita.

Katika miaka hiyo ya kati ya karne aliacha kupiga fidla hadharani. Mwaka 1954 aliumia vibaya sana katika ajali ya gari, na baadhi ya watu wamedhani ajali ndiyo iliyomwachisha. Sababu ilikuwa pana kuliko hiyo. Fidla ya daraja lile hudai saa nyingi za kila siku, na kalamu hudai saa zile zile. Alikuwa amekwisha kuelekea kwenye kalamu kabla ya ajali. Swali la mwaka 1932 likapata jibu lake.

Lakini chombo hakikumtoka mkononi kwa sababu tu kimerudishwa katika kasha. Mwaka 1956 siasa ya nchi ililegea, na Warsaw ikaanzisha tamasha la muziki mpya la vuli, ambalo lilifungua milango kwa mambo yaliyokuwa yamekatazwa. Vijana wakavuka mpaka mmoja baada ya mwingine. Krzysztof Penderecki akazifanya nyuzi zilie sauti zisizowahi kuandikwa. Bacewicz alikuwa karibu na miaka 50, mwenye jina, makamu wa rais wa chama cha watungaji, na angeweza kukaa alipokuwa. Utungo wake wa nyuzi, tarumbeta 5 na vyombo vya kugonga, wa mwaka 1958, ulipigwa katika tamasha hilo mwaka 1959, na mwaka 1960 ukapata nafasi ya tatu katika mkutano wa UNESCO mjini Paris. Ndani yake ule mwendo wa zamani ungaliko, lakini umekauka, na nyuzi mara nyingine hazitafuti lahani bali rangi na uzito. Katika kwarteti ya sita ya mwaka 1960 alijaribu utungaji wa sauti kumi na mbili, ambamo sauti zote hupewa haki sawa, kisha akauacha upesi. Ni dhahiri kwamba utaratibu huo ulimbana. Alichokipokea kwa moyo ni sauti zenyewe: uta uliopigwa karibu na daraja la fidla, kidole kinachoteleza juu ya uzi, minong'ono ya nyuzi nyingi pamoja. Vijana wengi walibuni mambo hayo mezani. Yeye aliyajua kwa vidole, na sonata ya fidla pekee ya mwaka 1958 ni ushahidi wa kutosha. Hapo mkono ulioacha kupiga ulikuwa ungali ukiiongoza kalamu.

Wachambuzi wengine huona kazi za miaka yake ya mwisho kuwa za mtu anayewafuata vijana kwa mbali, na kwa tungo mbili tatu neno hilo lina ukweli. Alirudia baadhi ya vifungu kutoka utungo mmoja hata mwingine, kama mtu aliyebanwa na muda. Lakini konseto ya saba ya fidla, ya mwaka 1965, yalikanusha dai hilo. Ilituzwa Brussels katika shindano la Malkia Elisabeth pamoja na nishani ya dhahabu ya serikali ya Ubelgiji, na fidla ndani yake hupita kama mtu anayetembea usiku katika nyumba anayoijua, bila taa na bila kugonga kitu.

Mumewe alifariki mwaka 1963. Toka mwaka 1966 alifundisha utungaji Warsaw. Alikuwa pia mwandishi wa hadithi fupi, na kitabu chake cha hadithi kilitoka mwaka 1970 naye hayupo. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 17 Januari 1969, kabla ya kutimiza miaka 60, akiwa kazini juu ya baleti yenye kisa kilichotokana na tamthilia ya Picasso. Bogusław Madey ndiye aliyeimaliza. Mwaka 2011 mpiga piano Krystian Zimerman alitoa santuri ya sonata ya pili na tungo zake mbili za piano na nyuzi, na tangu hapo wapigaji wa nchi nyingi wamerudia kwarteti zote saba.

Kaka yake Vytautas alikuwa Argentina vita vilipoanza mwaka 1939. Hakurudi Lituania, alikaa New York, akaendelea kutunga, na kufariki huko mwaka 1970, mwaka mmoja baada ya dada yake. Katika orodha za maktaba za leo jina lake limepangwa chini ya Bacevičius, na la dada yake chini ya Bacewicz.